Mmea unaojizalisha au unaotaka mwenzake? Linganisha kwanza kabla hujanunua miche ya kahawa, pasheni, papai au mbegu ya kabichi

Swali ambalo watu wengi hawaulizi wakienda kitaluni ni hili: ua la huu mmea linakubali chavua yake lenyewe au linaikataa? Wanauliza bei, wanauliza unaanza kuzaa lini, unavumilia ukame au la, halafu mtu anachukua miche yote ya mama mmoja iliyozidishwa kwa vikonyo, anapanda ekari nzima, mimea inakua safi, inachanua mpaka shamba linanukia, na matunda hayaji au yanakuja ya kuhesabu, na hapo lawama zote zinaenda kwa mbolea na mvua na dawa. Kumbe mmea hauna ugonjwa wowote. Una jeni inayoukataza kuzaa na nafsi yake, na shamba zima ni nafsi moja.

Huu ulinganisho ni wa mtu anayetaka kuchagua, arabika au robusta, pasheni ya njano au ya zambarau, mbegu ya kabichi ya aina gani, papai la jinsi gani. Ila siwezi kuruka jeni zenyewe, maana ukishaelewa ile mifumo miwili mikubwa ya kukataa chavua, maswali mengi ya shambani yanajijibu yenyewe.

Kwa nini mmea ujikatae

Maua mengi yana upande wa kiume na wa kike pamoja, chavua ipo milimita chache tu kutoka kwenye stigma (kichwa cha upande wa kike kinachopokea chavua), yaani kujichavusha ndo njia rahisi kuliko zote. Tatizo ni watoto. Kila kiumbe kinabeba jeni mbovu zilizojificha nyuma ya nakala nzima, sasa mmea ukijizalisha zile nakala mbovu zinakutana mbilimbili, mche unatoka dhaifu, na kizazi kinachofuata kinazidi kudhoofika. Charles Darwin alikaa miaka akichavusha mimea kwa mkono, akiwapanda watoto wa kujichavusha na watoto wa kuchanganya kwenye chungu kimoja, na mara nyingi wale wa kuchanganya ndo waliorefuka na kutoa mbegu nyingi. Kwa hiyo mimea mingi sana yenye maua, inakadiriwa karibu asilimia 40 ya spishi, imejiwekea kizuizi cha kijeni. Mingine ikatumia njia nyingine kabisa, kutenganisha jinsia kama papai au kutenganisha saa kama parachichi, tutafika huko.

Mifumo miwili, na tofauti yake inakugusa mfukoni

Mifumo yote miwili inaendeshwa na eneo moja kwenye kromosomu, wataalamu wanaliita S. Lina aleli nyingi, yaani sura tofauti za jeni ileile, S1, S2, S3 na kuendelea, kabichi na ndugu zake wa spishi moja peke yao wana kama 50 zinazojulikana. Kila mmea wa kawaida unabeba mbili. Chavua ikibeba S inayofanana na ya jike, inakataliwa. Mpaka hapo mifumo inafanana. Inapoachana ni hapa: nani anaulizwa?

Fikiria koo zetu ambazo watu wa ukoo mmoja hawaoani. Kwenye mfumo wa kwanza punje ya chavua inaulizwa ukoo wake yenyewe, na kwa kuwa punje moja ina nusu tu ya jeni za baba basi ina jina moja, S1 au S2. Kwenye mfumo wa pili haulizwi mtoto, anaulizwa baba, na baba ana majina mawili, kwa hiyo kila punje iliyotoka kwake inabeba majina yote mawili hata kama ndani yake kuna jeni moja tu.

Mfumo wa kwanza, wa kuhukumu punje yenyewe, ndo upo kwenye tofaa, peya, tumbaku ya bustani, petunia, viazi mviringo vya porini, na robusta. E. M. East na A. J. Mangelsdorf ndo walioueleza vizuri mwaka 1925 kwa kutumia jamaa wa tumbaku. Chavua inatua kwenye stigma, inaota mrija, mrija unashuka kwenye shingo ya ua kuelekea ovari, ukifika njiani unasimama. Kinachousimamisha ni kimeng'enya cha kukata RNA (nakala ya maagizo ya jeni ambayo seli inaitumia), kinaitwa S-RNase, ambacho shingo ya ua inakimwaga na kinaingia ndani ya mrija. Jeni yake ilipatikana mwaka 1986 kule Melbourne, Australia, kwenye tumbaku ya bustani. Chavua nayo haiendi mikono mitupu, ina kundi la protini zinazokamata S-RNase za watu wengine na kuzipeleka zikavunjwe, utafiti wa petunia uliotoka mwaka 2010 ulionyesha zinafanya kazi kwa kushirikiana, kila moja inajua baadhi ya S za wengine. Moja tu ndo inakosekana kwenye kundi: ile ya kuvunja S-RNase ya kwao wenyewe. Kwa hiyo chavua ya S1 ikiingia kwenye shingo yenye S1 inabaki bila kinga, RNA zake zinakatwakatwa, mrija unakufa. Kwangu mimi huu ni mpango mzuri mno, mmea haukuhitaji kujifunza kumtambua adui, umeacha pengo moja tu kwenye ngao na pengo hilo lina umbo la mmea wenyewe.

Mfumo wa pili, wa kuhukumu baba, upo kwenye kabichi, sukuma wiki, figili, viazi vitamu, pareto, alizeti za porini. Kwenye jamii ya kabichi mambo yanaisha mapema, juu kabisa ya stigma, chavua hata mrija haioti vizuri. Stigma ina protini ya kupokea inayoitwa SRK, imekaa kwenye ngozi ya seli kama mlinzi, na chavua imepakwa kiprotini kidogo kinachoitwa SCR. Vikiwa vya aleli moja vinashikana, seli ya stigma inapata taarifa, inaikatalia chavua maji na msaada, chavua inakauka palepale. Na kwa nini ni baba anayehukumiwa? Kwa sababu ule mpako unatengenezwa pia na tishu ya baba inayozunguka chavua ndani ya kifuko chake, na tishu hiyo ina jeni zote mbili za S. Punje inatoka imeshapakwa majina ya mzazi.

Kuna na mifumo mingine midogo, mfano mpopi, jamaa wa mmea wa afyuni, ambao ukikutana na chavua yake unaifanya ijiue kwa kumwagikiwa na kalsiamu ndani ya seli. Huo tuuache.

Sasa hesabu, na hii ni ya kuikalia chini kidogo. Chukua jike S1S2 na dume S1S3. Kwenye mfumo wa kwanza nusu ya chavua ni S1, inakataliwa, nusu ni S3, inapita. Nusu inatosha, maana chavua ni nyingi sana, utapata mavuno ingawa upo chini ya uwezo. Kwenye mfumo wa pili chavua yote ya huyo dume ina alama ya S1 na S3, kwa hiyo yote inakataliwa, mimea miwili ambayo sio pacha, wamechangia aleli moja tu, na haizai kabisa. Ila hapo kuna mchezo mwingine, aleli za mfumo wa pili zina ubabe kati yao: kama S3 inaizima S1 upande wa chavua, basi baba anaonekana ni S3 tu, na chavua yote inapita, hata zile punje zenye S1 ndani. Kwenye kabichi aleli kama S2, S5 na S15 ndo wanyonge upande wa chavua, na mwaka 2010 watafiti wa Japani walionyesha, kwenye ndugu wa kabichi, kwamba unyonge wa namna hiyo unatokana na kipande kidogo cha RNA kutoka kwa aleli mbabe kinachoifunga jeni ya mnyonge isisomwe.

Robusta na arabika

Hapa ndo kwenye ulinganisho mzito, na kwa mtu wa Kagera au Uganda ni pesa kabisa.

Robusta ina kromosomu 22, yaani seti mbili za kawaida, na inajikataa moja kwa moja kwa mfumo wa kwanza. Ua la mti mmoja haliwezi kuzaa kwa chavua ya mti huohuo, wala ya mti mwingine uliotoka kwenye kikonyo cha mti huo. Chavua yake ni nyepesi, upepo unaibeba, nyuki wanaongezea, hiyo haina shida. Shida ni nani yupo jirani.

Arabika ina kromosomu 44. Ilizaliwa pale robusta ilipokutana na ndugu yake, Coffea eugenioides, kromosomu zikabaki zote, seti nne. Wazazi wote wawili wanajikataa, mtoto anajikubali. Maelezo yanayokubalika kwenye mimea ya mfumo wa S-RNase ni haya: seti zikiwa nne, punje ya chavua inabeba aleli mbili za S badala ya moja, na kama ni mbili tofauti basi kila moja inaleta kinga ambayo mwenzake hana, lile pengo kwenye ngao linazibwa, kizuizi kinakufa. Matokeo shambani ni kwamba karibu asilimia 90 ya mbegu za arabika zinatokana na kujichavusha.

Sasa linganisha kama mkulima. Ukiwa na arabika ya aina safi unaweza kupanda aina moja shamba zima na itazaa, mbegu ukiiotesha miche inafanana na mama kwa kiasi kikubwa, na mti mmoja nyuma ya nyumba unazaa peke yake. Gharama yake ni kwamba arabika yote duniani ina utofauti mdogo sana wa kijeni, kila mti unafanana na mwenzake, na ndo maana chulebuni (ugonjwa wa kuoza matunda ya kahawa) na kutu ya majani zikiingia zinafagia. Robusta kinyume chake, imejaa utofauti, ina uwezo wa kutoa miti inayostahimili karibu kila kitu, ila ukitaka ufanano lazima uende kwenye vikonyo, na ukienda kwenye vikonyo unakutana na S.

Kwa hiyo ndani ya robusta yenyewe kuna kuchagua tena. Miche ya mbegu: kila mti una S zake, uchavushaji hauna wasiwasi, ila mti huu unajaa na ule jirani yake hauna kitu, saizi ya punje haifanani, kuiva hakuendi pamoja. Miche ya vikonyo: mavuno yanatabirika, lakini lazima uchanganye laini, yaani vikonyo vya mama tofauti. Uganda baada ya mnyauko wa kahawa kuua robusta nyingi kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa kahawa wa kituo cha Kituza walitoa laini zinazostahimili zinazojulikana kama KR, KR1 mpaka KR10 na wakulima wanashauriwa kupanda kadhaa pamoja, sio moja. Kwa upande wa Kagera, TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa ya Tanzania, ina kituo Maruku na aina zake zimeitwa kwa majina ya huko huko, Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1, Muleba 1. Ushauri wangu hapo hauna kona: usikubali kuuziwa miche ya aina moja tu ya robusta hata kama ndo inayozaa sana kuliko zote kwenye shamba la jirani. Inazaa sana pale kwa sababu ina majirani.

Na kuchanganya kwenyewe kuna akili yake. Tuseme laini zako nne zote zimetoka kwa baba na mama mmoja, mama S1S2 na baba S3S4. Watoto wanaweza kuwa S1S3, S1S4, S2S3 au S2S4. Ukiokota wawili bila kujua, nafasi ni moja kwa nne kwamba wana S zilezile mbili na hawazalishani hata kidogo, nusu kwamba wamechangia moja na watazalishana nusunusu, na robo iliyobaki ndo hawana undugu wa S. Kwa hiyo mbili za ndugu ni kamari, nne au tano za asili tofauti ni usalama, tena ziwe zinachanua pamoja na zipandwe kwa kupishana ndani ya shamba, sio kila moja na kona yake. Ukiwa kitaluni uliza hilo kwa maneno hayohayo: hizi laini ni ndugu au sio ndugu?

Upande wa arabika nako kuna tego moja. Kujikubali hakumaanishi kila mbegu ya arabika inafanana na mama. Ruiru 11 ya Kenya, iliyotoka mwaka 1985, ni chotara, mbegu yake inatengenezwa kwa mkono, ua linafunguliwa, stameni (sehemu za kiume zenye chavua) zinatolewa kabla hazijapasuka, chavua ya baba inapakwa, na kazi hiyo ndo sababu miche yake imekuwa adimu muda mrefu. Ukiokota mbegu kwenye Ruiru 11 yako na kuotesha, watoto wanatawanyika, wengine wafupi wengine warefu, kinga inapotea kwa baadhi. Batian, arabika nyingine ya Kenya iliyotoka mwaka 2010, imetulia kijeni, mbegu yake inaendeleza aina. Kwa hiyo kama unataka kuwa unaotesha mwenyewe, Batian au aina nyingine iliyotulia, kama unanunua miche mara moja tu basi chotara hana ubaya. Chotara wa arabika wa TaCRI mara nyingi huzidishwa kwa vikonyo kwa sababu hiyohiyo, na kwa kuwa arabika inajikubali, kikonyo cha aina moja shamba zima hakikuletei tatizo la chavua kama kwenye robusta.

Pasheni ya njano na ya zambarau

Hapa kuna watu wanapoteza hela kila msimu. Ya zambarau, ile ya miinuko yenye baridi, kwa kawaida inakubali chavua yake. Ya njano, ya pwani na sehemu za joto, inajikataa. Basi mtu wa Tanga au Kilifi anaona mti mmoja wa njano umebeba matunda makubwa matamu, anakata vikonyo vingi, anajenga waya, anapanda mstari mzima, na mstari mzima unachanua bure.

Kwa njano panda miche ya mbegu kutoka matunda ya miti mbalimbali, au ukitaka vikonyo chukua kwa mama kadhaa tofauti. Na usitegemee zambarau ije iwe baba, maana maua ya zambarau hufunguka asubuhi na mapema na ya njano hufunguka karibu na mchana, wakati njano linafunguka zambarau linaelekea kufunga.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii, juisi ya pasheni inakaa kwenye kifuko kinachozunguka kila mbegu, mbegu moja kifuko kimoja. Tunda lililopata chavua kidogo ya kukubalika linakuwa na mbegu chache, ukilipasua ni hewa na ganda. Kwa hiyo hata pale njano inapozaa, ukiona matunda mepesi ya kuchezacheza ndani, angalia S na angalia mdudu. Na mdudu mwenyewe sio nyuki wa asali, yeye ni mdogo, anachota chavua bila hata kugusa stigma ambazo zimekaa juu, anayefaa ni yule mkubwa mweusi anayetoboa mbao na kuvuma kwa nguvu, mgongo wake ndo unafika. Acha magogo makavu pembeni ya shamba awe na pa kuzalia. Wapo wanaochavusha kwa kidole alasiri, inalipa, ila kidole kitoke mti mmoja kwenda mwingine.

Kama upo mwinuko na una eneo dogo, zambarau, sina mjadala. Mnyauko wa kwenye udongo ndo adui wake, ndo maana Kenya wengi wanabebesha zambarau juu ya shina la njano, na hapo unapata vyote, mizizi ya njano inayostahimili na ua la zambarau linalojikubali. Ubebeshaji haubadilishi S ya juu.

Kabichi: mkataa-nafsi au asiye na chavua

Kwenye kabichi mkulima haangalii tunda, anataka jani, kwa hiyo kujikataa kunamhusu kwa mlango wa nyuma, kupitia mbegu anayonunua. Zile pakiti zilizoandikwa F1, yaani chotara wa kizazi cha kwanza, zinatengenezwa kwa njia mbili na ukizielewa utajua unalipia nini.

Njia ya kwanza inatumia S kama chombo cha kazi, Wajapani ndo waliofungua njia kibiashara kwenye miaka ya 1950. Wanatengeneza ukoo mmoja wenye S1S1 tupu na mwingine S2S2 tupu, wanapandwa mistari kwa kupishana, kila mmoja anakataa chavua ya kwake, nyuki wanazunguka, mbegu zote zinatoka chotara bila mtu kugusa ua. Sasa utajiuliza, huo ukoo wa S1S1 wanauendelezaje kama haujizalishi? Wanafungua chipukizi la ua siku chache kabla halijafunguka lenyewe, wakati stigma bado haijaweka walinzi wa SRK wa kutosha, wanapaka chavua ya mmea huohuo, inapita. Ni kazi ya vidole na kibano, ua moja moja, ndo maana nyumba za kioo nyingine zinajazwa hewa ya kaboni dioksaidi kwa kiwango cha asilimia 3 mpaka 5 hivi, ambayo inalegeza kizuizi na kuacha nyuki wafanye kazi. Udhaifu wa njia hii ni kwamba kizuizi kinavuja, hasa joto likipanda, na pakiti inaweza kuwa na mbegu kadhaa za kujichavusha, unaziona shambani, kabichi dhaifu isiyofunga katikati ya zilizofunga.

Njia ya pili inamnyima mama chavua kabisa. Mwaka 1968 Mjapani aitwaye Ogura alieleza figili isiyotoa chavua, sababu ikaja kujulikana ni jeni kwenye mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyotoa nguvu, vyenye jeni zake), inaitwa orf138, na ikahamishiwa kwenye kabichi. Mama hana chavua, hakuna cha kuvuja, pakiti inafanana kweli kweli. Ila mitokondria inarithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo na chotara unayemnunua hana chavua pia, hawezi kuwa baba wa kitu chochote. Makampuni mengi yamehamia huku.

Ukitaka kula na kuuza, njia ya pili ina ufanano zaidi, nenda nayo. Ukitaka kujizalishia mbegu, zote mbili hazikufai, ya kwanza watoto wake wanatawanyika, ya pili inahitaji baba wa nje. Chukua aina za kawaida kama Copenhagen Market, au sukuma wiki wa asili wa miinuko anayechanua, na hapo sasa S inakurudia mwenyewe: usichukue mbegu kwenye mmea mmoja mzuri uliobaki peke yake, utapata mbegu chache na dhaifu. Acha mimea mingi ichanue pamoja, ikaribie ishirini au zaidi, na usiache broko au koliflawa ichanue karibu, hao wote ni spishi moja na watachanganyikana.

Papai, na wengine wawili kwa haraka

Papai halina S. Lenyewe limetenganisha jinsia kwa kromosomu kama sisi. Jike ni XX, dume ni XY, na yule mwenye ua la pande zote mbili, yaani dumejike, ana Y ya namna yake, tuiite Yh, kwa hiyo ni XYh. Mbegu ikipata Y mbili haiishi. Ukijua hayo unaweza kuhesabu shamba kabla hujapanda. Mbegu kutoka tunda la dumejike lililojichavusha: jike mmoja kwa kila dumejike wawili. Ukipanda miche mitatu kwa shimo, nafasi ya wote kuwa jike ni theluthi mara theluthi mara theluthi, yaani moja kwa 27, kwa hiyo karibu kila shimo unabaki na dumejike mmoja wa kumwacha baada ya maua kuonekana. Mbegu za dume na jike wa kienyeji: nusu kwa nusu, miche mitatu yote dume ni moja kwa nane, na shambani unabakiza dume mmoja kwa kila majike kumi hivi, wengine unakata, yaani eneo la shamba linaliwa na mti usiozaa.

Kwa biashara ya matunda marefu yanayofanana, dumejike, tena papai kwa bahati halidhoofiki sana kwa kujichavusha. Kwa sehemu ya joto kali na ukame mimi bado namheshimu jike, maana ua la dumejike likibanwa na joto na kiu linaweza kupoteza upande wa kike, unabaki na maua yanayodondoka. Jike habadiliki.

Parachichi linatumia saa. Hass ni kundi A, ua linafunguka asubuhi likiwa jike, linafunga, linarudi kesho yake mchana likiwa dume. Fuerte ni kundi B, jike mchana, dume asubuhi inayofuata. Hass peke yake inazaa, hasa baridi ikivuruga ratiba na zamu zikaingiliana, kwa hiyo Njombe au Murang'a shamba la Hass tupu sio kosa kubwa, ila ukiweka B chache katikati na mizinga ya nyuki unaipa nafasi zaidi.

Kakao ya Kyela ndo ngumu kuigundua. Mrija wa chavua unashuka vizuri mpaka kwenye ovari, mbegu ya kiume inafika, na kukataliwa kunatokea ndani kabisa, kwenye muungano wenyewe, vijiyai vinashindwa kwa robo, nusu au vyote kutegemea jeni za wazazi, halafu ua linadondoka siku chache baadaye. Kwa macho unadhani lilichavushwa. Changanya miti ya asili tofauti, na acha majani na migomba iliyooza chini ya kivuli, vijinzi vinavyochavusha kakao vinazaliana humo.

Ukiwa na mti na hujui upo upande gani

Fanya hivi. Chagua maua ambayo yanakaribia kufunguka, kwenye matawi tofauti ya mti mmoja, yafunike kwa mfuko wa karatasi ya khaki, sio nailoni maana inapika ua. Yakifunguka, kundi la kwanza lipake chavua ya mti huohuo kwa brashi laini, kundi la pili lipake chavua ya mti ambao una uhakika sio pacha wake, kundi la tatu liache bila kugusa. Weka uzi wa rangi tofauti kwa kila kundi, funika tena mpaka ua linyauke.

Kundi la pili likishika na la kwanza likadondoka, mti unajikataa, tafuta wenza. Yote mawili yakishika na la tatu halikushika, mti unajikubali ila unahitaji mdudu. La tatu nalo likishika, mti unajichavusha wenyewe na unaweza kupanda aina moja kwa amani. Yakidondoka yote matatu bado hujapata jibu, inawezekana uliyemdhania sio pacha amechangia S zote mbili na mti wako, au chavua ilikuwa mbovu, badilisha baba, rudia kwenye maua yanayofuata. Kwenye pasheni usiishie kuhesabu matunda yaliyoshika, yapasue yakiiva uhesabu mbegu, na kwenye kakao subiri zaidi ya wiki moja kabla hujaandika kwamba ua limeshika.